Daftari Kwanza, Ukurasa Baadaye

Brno, Februari. Theluji imegeuka tope la kijivu
kwenye reli za tramu,
nami, Vendula, mwenye soksi mbilimbili,
naitazama mashine isiyokufa wala kuishi.

Haijaanguka. Ingeanguka ningeshukuru:
aangukaye huacha alama ya kisigino.
Hii imesimama tu. Feni inazunguka,
taa ya kijani inapepesa kama mtu anayekuitikia
huku mawazo yake yako kwingine.
Kila sekunde mia na ishirini
kiini kinaandika sentensi ileile:
kazi imezuiwa. Kazi imezuiwa.
Hakisemi na nani.

Siku ya tatu ndipo nikazikuta mbili.

Uzi wa kwanza umeufunga ukurasa kwa kufuli,
kama ipasavyo,
sasa unabisha hodi kwenye daftari la miamala:
nifungulieni, niandike nilichobadili.
Uzi wa pili umo ndani ya daftari,
muamala umeanza, wino haujakauka,
nao unangoja ukurasa.
Ukurasa uleule.

Nilitafuta mkosaji. Nikausoma msimbo wa huyu
mstari kwa mstari: safi. Wa yule: safi.
Kila mmoja ameshika haki yake,
na haki hiyo ndiyo kitanzi cha mwenziwe.
Kungoja kwao ni adabu tupu.
Zingengoja hivyo hadi umeme ukatike.

Radim akaniletea chai ya limau:
"Ongeza kufuli la tatu, liwasimamie."
Nikamwambia, Radim, nyumba yenye ugomvi wa funguo
haiponi kwa kuongezewa mlango.

(Nasema hivi, na kule Vranov, kwenye kibanda cha mama,
ufunguo wa ghala anao kaka yangu Zbyněk,
wa mlango wa mbele ninao mimi.
Lete wako kwanza.
Lete wako kwanza.
Matofaa ya vuli bado yamo ndani.)

Dawa ni utaratibu. Si nguvu:
nani hutangulia. Daftari kwanza, ukurasa baadaye,
kila uzi, kila njia,
hata ile inayopitwa mara moja kwa mwaka, diski ikijaa.

Lakini ipo njia moja, nayo ilinila usiku mzima:
kumbukumbu ikipungua tunaitwa kutoka juu
na ukurasa tunakabidhiwa ukiwa umeshafungwa.
Hapo huwezi kutangulia. Umeshatanguliwa.
Hapo unalegeza mkono:
unaachia kufuli, si ukurasa wenyewe,
kidole kimoja kinabaki juu yake usije ukaokotwa;
unafungua muamala; unarudi, unaufunga upya,
na (hili nililisahau, saa nane za usiku)
unauliza tena: wewe bado ni wa faili lile?
Maana ulipotoa kisogo
huenda mtu amelikata faili,
na unachokumbatia ni karatasi isiyo na mwenyewe.

Kuachia kulinitisha kuliko kushika.

Ijumaa: mistari kumi na mmoja imehama,
mitatu imefutwa, na juu yake maelezo mafupi:
*Daftari kwanza. Ukijaribiwa kugeuza, nenda ukalale.*
Nikazifungulia nyuzi mia mbili na hamsini na sita
juu ya diski iliyojaa hadi shingoni,
nikaenda nyumbani.

Asubuhi feni inazunguka. Taa inapepesa.
Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi,
kisha nikaona namba pembeni inasogea,
polepole, kama foleni ya posta,
lakini inasogea.

"Siku tano," akasema Radim, "kwa mistari kumi na mmoja?"
"Kumi na minne, ukihesabu marehemu."

Jioni nilimpigia Zbyněk. Hakupokea.
Nikautia ufunguo wangu kwenye bahasha,
nikaandika mtaa wake kwa herufi kubwa,
na kabla sijaitumbukiza sandukuni
nikaipapasa mara mbili kuhakikisha umo.
Huenda ameshabadili kitasa. Huenda amehama.
Matofaa, sijui.